Shikamoo Iliyokatwa kwa Wembe

Mjomba Severini, shikamoo. Habari za hapo ofisini, habari za mama watoto, na za hao vijana wako ambao kila wiki unatuambia hawataki kula mboga za majani? Sisi huku Bigwa hatujambo, mvua za vuli zimeanza vizuri na mama anakusalimu sana, yeye huukata ukurasa wako kila Jumamosi na kuuweka ndani ya Biblia yake. Naomba unisaidie mawazo kwa sababu ya kwangu yamekwisha, na nakuomba usinicheke gazetini.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, nilimaliza kidato cha nne, nikasoma cheti cha uandishi wa habari, na tangu mwezi wa tisa niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha redio hapa Morogoro mjini, moja ya hizi redio za watu binafsi ambazo tangu ziruhusiwe kila mwenye chumba na mlingoti anataka kuwa nayo, na yetu ni hivyo hivyo, vyumba viwili tu, kimoja kimebandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, lakini Mjomba, siku ya kwanza nilipovaa zile spika za masikioni nikajisikia mwenyewe ninavyopumua, nilijua hapa ndipo mahali pangu. Fundi mitambo wetu ni kaka Ernest na ndiye aliyenifundisha kila kitu, kukaa kiganja kimoja kutoka kwenye maikrofoni, kusoma matangazo ya vifo bila kukimbia, kuangalia sindano ya kupima sauti isiingie kwenye nyekundu, kufanya mazoezi ya kutamka na kalamu katikati ya meno mpaka mate yakanidondoka mezani, na saa nane mchana napewa saa nzima ya kusoma kadi za salamu, zile ambazo watu wananunua na kujaza majina ya ndugu zao. Zaidi ya yote amenifundisha kuhariri mkanda. Hatuna kompyuta, tuna mashine kuukuu ya magurudumu mawili, unaweka alama kwa penseli pale unapotaka, unakata kwa wembe, unaunganisha kwa utepe wa gundi, na ukifanya vizuri msikilizaji hajui kama palikatwa. Mimi nina mkono mwepesi kwa kazi hiyo, kaka Ernest alisema hivyo mbele ya meneja.

Sasa meneja alitutangazia wanafunzi wote wawili tulioko pale kwamba kabla ya Krismasi kila mmoja alete kipindi cha nusu saa alichokitengeneza mwenyewe, na mmoja wetu ataajiriwa. Mimi nikachagua jinsi akina mama wa milimani wanavyotunza mbegu za maharage kwa majivu, kwa sababu mama yangu ametoka kijiji kimoja juu ya Mkuyuni na nilikua nikiisikia habari hiyo, na mjomba wangu Bartholomeo, kaka yake mama, akanipeleka mwenyewe kwa Bibi Yustina ambaye mbegu zake zinafuatwa na watu wa vijiji vitatu. Na wewe unajua, kwetu Waluguru mjomba akikupeleka mahali amekuwekea dhamana. Bibi aliipokea shikamoo yangu, akauliza hali ya mama, akauliza mvua za Bigwa, akauliza mama ni wa ukoo gani, nilipomtajia akapiga paja akacheka sana kwa sababu ndio ukoo wake, akasema, "Kumbe nimeletewa mjukuu wangu! Haya uliza, mjukuu hafichwi." Ndipo nikauliza, naye akanieleza mambo ambayo mama yangu mwenyewe hakuwa anayajua.

Kaka Ernest akataka kwanza nitoe kipande cha dakika tatu kwa ajili ya kipindi cha wakulima cha Jumatano saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa na zaidi. Nikamuuliza nikate wapi, akanijibu bila hata kugeuka, "Dogo, redio haina muda wa salamu. Kata hapo mwanzo, ingia kwenye hoja." Nikakata. Zilikuwa sekunde arobaini, ambazo kwenye mashine yetu ni kama mita saba na nusu za mkanda. Vipande vilivyokatwa huwa tunavitupa kwenye ndoo, lakini hiki nilikizungushia kwenye kigurudumu kitupu cha uzi nikakiweka ndani ya mkebe wangu wa kalamu, sijui kwa nini, labda kwa sababu kulikuwa na kicheko cha Bibi.

Mjomba Bartholomeo ndiye aliyenisimulia yaliyotokea kule. Watu walikusanyika dukani penye redio, Bibi Yustina akavaa khanga mpya akakalishwa mbele, na kitu cha kwanza kilichotoka redioni ni sauti yangu mimi ikisema, "Bibi, mbegu za maharage mnazitunzaje?" Bila shikamoo, bila hujambo. Na yeye akaanza kujibu. Watu wakatazamana, mmoja akauliza kwa sauti, "Hajasalimiwa?" Bibi akainuka akarudi nyumbani kabla kipande hakijaisha. Sasa kisimani wanamtania kwamba siku hizi anasemeshwa kama mtoto aliyetumwa chumvi, na akina mama wengine wanne walioniahidi kurekodi wamesema hawataki.

Jumapili baada ya misa nikaamua kupanda peke yangu na kilo mbili za sukari na sabuni ya mche. Bibi alinipokea vizuri sana, Mjomba, na hilo ndilo lililoniumiza, alinipa ugali na maharage, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Nilipotoa kinasa sauti akaushusha mkono wangu taratibu.

"Wewe siku ile ulinisalimia au hukunisalimia?"

"Nilikusalimia, Bibi."

"Basi mbona redioni hukunisalimia?"

Nikamweleza habari ya mkanda na wembe, akasikiliza mpaka mwisho huku anaangalia vidole vyangu, halafu akauliza, "Hicho ulichokata umekiweka wapi?" Nikaona ananisuta, nikainamisha kichwa nikalia, nikashuka na mvua ikaninyeshea mpaka Mkuyuni.

Mjomba Bartholomeo aliposikia kwamba nilipanda bila yeye alikasirika mara mbili. Amesema Krismasi ikipita niache mambo ya redio, nikajiunge na kozi ya ushonaji kwa masista, na neno lake nyumbani kwetu mama hawezi kulipindua. Lakini naamini nikiajiriwa atalegeza.

Sasa nakiri dhambi yangu. Nina wiki tatu, na ukiacha ile ya Bibi sina sauti hata moja ya mlimani. Basi nilimwendea jirani yetu Mama Angelina anayeuza mchicha hapa Bigwa, mtu wa Singida lakini ameishi huku miaka ishirini na anajua kuiga lafudhi ya milimani mpaka watu wanavunjika mbavu, nikamfundisha ya kusema nikamrekodi kama vile ni bibi wa Uluguru. Redio haionyeshi sura. Kaka Ernest amesikiliza akasema, "Hapa umepatia," na hajui. Mkanda uko kwenye droo ukinisubiri. Mjomba, niupeleke kwa meneja na nitubu baadaye nikishapata kazi, au niache tu nikashone? Silali vizuri, na kila nikisoma zile kadi za saa nane naisikia sauti ya Bibi ikiniuliza. Naomba unijibu mapema.

Winfrida, Bigwa

*

Marahaba, Winfrida mpwa wangu. Mama watoto hajambo, na vijana bado hawali mboga, juzi mmoja ameficha kisamvu chini ya mkeka. Mwambie mama yako asante, ila Biblia ina maneno bora kuliko yangu.

Sasa futa machozi tuzungumze. Sitakucheka, lakini kukugombeza ni lazima.

Tuanze na hiyo droo. Ewe binti! Umepata kazi unayoipenda, umepata mwalimu anayekusifu mbele ya bosi, halafu unataka kuingia kazini kwa mlango wa uongo? Unasema redio haionyeshi sura. Kweli. Lakini watu wa Mkuyuni wana masikio, na Mama Angelina wangemtambua kabla hajamaliza sentensi ya pili. Yule Bibi ambaye leo anataniwa kisimani angesikia sasa amewekewa mtu wa kumwigiza. Na umefikiria kipimo cha majivu? Mkulima wa Mlali au Mikese atasikiliza, atapima kama alivyosikia, na mbegu zake zikiliwa na wadudu atakayelala na njaa si wewe. Mkanda huo hauendi kwa meneja. Leo hii, kabla hujala chakula cha mchana, mwambie Ernest ni nani anayesema pale. Uso utawaka moto. Acha uwake. Kisha nenda kwa Mama Angelina ukamwombe radhi kwa kumwingiza kwenye mchezo huo, na siku moja mrekodi akueleze mchicha, ambao anaujua, kwa sauti yake ya Singida.

Usimtupie Ernest lawama, wembe ulikuwa mkononi mwako. Ila unaweza kumuuliza kwa adabu swali moja dogo kutoka kwangu. Redio haina muda wa salamu, amesema. Sasa ile saa nzima ya saa nane, mnayosoma kadi mlizouza, mnasoma nini? Salamu za kununua zina saa nzima, ya Bibi Yustina ambayo ametoa bure imekosa sekunde arobaini. Muulize, kisha mwangalie atakavyojikuna kichwa. Si mtu mbaya, amefundishwa hivyo na waliomtangulia.

Kosa lako la pili unalitaja kama jambo la kupita njia, na mimi limenishtua kuliko la kwanza. Ulipandaje peke yako? Mjomba wako ndiye aliyekufikisha pale. Salamu ilipokatwa, aibu ya kwanza ilimwangukia yeye, maana kijiji kinajiuliza ameleta mtoto wa namna gani. Na wewe ukamruka na kilo zako mbili za sukari, kana kwamba Bibi ana duka na umekwenda kurudisha bidhaa. Ndiyo maana amekasirika mara mbili, na mimi ningekasirika mara tatu. Mimi pia ni mjomba wa watu, nakwambia siri yetu, hatupendi kuombwa msamaha kwa maneno mengi. Nenda kwake na mama yako, piga magoti, sema nimekosa, nipeleke tena, kisha nyamaza. Ya kozi ya ushonaji usiyataje siku hiyo. Ukimtazama vizuri, utaona alikutafutia kazi nyingine ya kukata na kuunganisha, kwa hiyo hajakutupa.

Sasa sikiliza, hapa ndipo nataka uisome barua yangu mara mbili.

Umeniandikia kurasa nne, umelia, umetubu, umeniuliza maswali yako yote, na swali la Bibi Yustina umelipita. Alikuuliza, hicho ulichokata umekiweka wapi? Umeona anakusuta. Mpwa wangu, mtu anayekusuta hakupi ugali na maharage kwanza. Yule mama ameishi miaka yake yote akitunza mbegu, kila kitu kwake kina mahali kilipowekwa, na kitu kilichowekwa vizuri kinaweza kurudi shambani. Alikuuliza swali la kweli, akitaka jibu la kweli. Na jibu unalo, Winfrida! Liko ndani ya mkebe wako wa kalamu, limezungushwa kwenye kigurudumu cha uzi. Ulikuwa nalo siku ile unalia. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliweka miwani chini nikamwita mama watoto aje asome.

Basi fanya hivi. Mwombe Ernest mzihamishie zile sekunde arobaini kwenye kaseti ya kawaida, ili zisikike kwenye kinasa sauti chako. Mkipanda na mjomba wako, acha yeye aseme ya kwanza. Zamu yako ikifika, jibu swali. Sema, "Bibi, uliniuliza nimekiweka wapi. Nilikiweka hapa." Mpe mkononi kile kigurudumu, akishike, auone mkanda wenyewe. Kisha mwekee kaseti. Mwache ajisikie anavyokupokea, anavyouliza mvua za Bigwa, anavyopiga paja na kukuita mjukuu. Usiseme neno akisikiliza. Usitoe maikrofoni. Ibaki ndani ya mkoba mpaka yeye mwenyewe aiulizie, na kama siku hiyo hataiulizia, palilia naye mistari miwili mitatu, shuka, utapanda tena.

Halafu muulize kama anakubali salamu yake irudi redioni. Akikubali, omba kipindi kile kile, Jumatano ile ile saa kumi na mbili, maana dukani watakaa wale wale. Useme kwa kinywa chako kwamba ulisalimia, ukapokewa, na wewe ndiye uliyekata. Sentensi mbili zinatosha. Kisha rudisha mkanda mahali pake uunganishe, na mkono wako mwepesi ufanye kazi ya maana.

Najua utakachosema, dakika ni tatu na Ernest ana saa ukutani. Mimi si mtu wa mitambo, lakini nimesoma barua yako na ninajua kitu kimoja kuhusu wewe. Unaongea sana. Nina hakika kwenye kipande kile uliuliza maswali marefu, na mwishoni ukamweleza msikilizaji tena yale ambayo Bibi amekwisha kuyasema vizuri zaidi. Tafuta sekunde arobaini humo. Hilo ndilo somo ambalo Ernest amekupa nusu, nusu nyingine nakupa mimi bure, ukitaka nafasi anza kukata kwako.

Wiki tatu zinatosha ukianza kesho. Akina mama wale wanne watamfuata Yustina, walikataa kwa ajili yake na watakubali kwa ajili yake. Kipindi chako cha nusu saa kianze na salamu nzima, bila kuguswa, mtu wa mjini akichoka azime. Na iwapo Bibi atakataa kabisa, mpelekee meneja kipindi kifupi cha sauti za kweli, hata kiwe cha mchicha, na umweleze kilichotokea. Unaweza kuikosa nafasi hii moja, sitakudanganya. Lakini mtu aliyejifunza mapema hivi kwamba mkandani kuna mtu, huyo atakuja kutafutwa na redio, na zinafunguliwa kila mwezi. Binafsi nimekwisha kununua betri za Jumatano.

Nami nikiri langu, kwa kuwa umekiri lako. Wasomaji wanaoniandikia huanza na shikamoo Mjomba, habari za nyumbani, sisi hatujambo. Kwa miaka sita ukurasa huu umekuwa ukiyaondoa yote hayo kabla ya kuchapa, tunaanzia kwenye matatizo, na mimi mwenyewe nimeyapigia mstari wa kalamu nyekundu bila kujiuliza. Mama yako ana Biblia iliyojaa watu wanaoonekana hawajui kusalimia. Kumbe wamesalimia wote.

Juzi mhariri aliniletea barua yako, akasema ni ndefu, ukurasa hautoshi, akaweka kidole pale mwanzo, kwenye mama watoto na mboga za majani, akaniuliza akate hapo. Nimemwambia akate kwangu.